Soksi ya Kupimia Vitana

Shangazi yangu ana mkono mwepesi na mdomo mchafu, na wateja wake wanavumilia mdomo kwa ajili ya mkono. Mtaani wanamwita Mama Taratibu. Si kwamba ni mpole. Upole na yeye hawajawahi hata kusalimiana. Wanamwita hivyo kwa sababu neno hilo ndilo analolipigia kelele kutwa nzima. Atamfokea msusi mwenzake, atamfokea mama anayemchana mwanawe mlangoni, atamfokea hata mtu asiyemjua anayejiparua kichwa kwa kitana akisubiri gari. "Taratibu, wewe! Hicho ni kichwa, si zulia!"

Mimi nauza viatu katika duka linalotazamana na saluni anakofanyia kazi, kwa hiyo ugomvi wake wote nimeutazama bila kiingilio. Mwingi nimeucheka. Huu ninaotaka kuusimulia sikuucheka, na mpaka leo nikiukumbuka damu inanichemka.

Kwanza umjue shangazi anavyonunua vitana, maana watu wanadhani ana wazimu. Anafika sokoni kwenye meza ya muuza vitana, anafungua mkoba, anatoa soksi moja ndefu ya nailoni, zile nyembamba za kike, kuukuu kabisa. Anaivaa mkononi mpaka kwenye kiwiko. Kisha anachukua kitana na kukipitisha juu ya soksi, jino moja baada ya jingine, huku amefumba macho. Jino likivuta uzi hata kidogo, kitana kinarudi mezani kwa kishindo. Muuzaji, mzee mmoja mwembamba mwenye maneno yake, akimwona kwa mbali huanza kunung'unika.

"Mama Taratibu, leo umekuja kununua au kukagua?"

"Nimekuja kuokoa vichwa vya watu. Lete hivyo vya nyuma, hivi vya mbele ni misumeno."

"Misumeno! Mbona watu wanavinunua hivyo hivyo na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika?"

"Watarudi na kichwa gani?"

Wanabishana hivyo, na mwisho anaondoka na kimoja au bila chochote. Lakini hakuna wazimu hapo. Kitana cha plastiki humiminwa kwenye kalibu ya vipande viwili, na pale vipande vinapokutana hubaki mstari mwembamba uliosimama katikati ya kila jino. Jicho haliuoni. Kidole cha haraka hakiusikii. Soksi inausikia, na unywele unausikia zaidi, kwa sababu kila unapopita unakwanguliwa kidogo mpaka ukatike. Ndiyo maana shangazi anataka chanuo lenye meno mapana yaliyoachana, ncha butu, lisilo na mstari. La mti uliosuguliwa vizuri au la pembe. Na anachana kuanzia kwenye ncha za nywele, anafungua mafundo ya chini kwanza, ndipo anapanda juu polepole. Kwa wigi anakuwa mkali mara mbili. "Kichwani unywele ukikatika, mwingine unakuja nyuma yake," huwaambia wateja. "Wigi halina mwingine."

Hasira zake hizi ni za tangu utotoni. Walikuwa na jirani aliyewasuka watoto wa mtaa mzima, na chanuo lake lilikuwa la chuma. Alikuwa akilizamisha kwenye shina na kushuka nalo kwa nguvu zote, nywele zikiwa kavu kama majani ya kuwashia moto. Mtoto akilia, anapigwa kichwani kwa chanuo hilo hilo. "Kaa tuli!" Shangazi ana kovu dogo juu ya sikio, na ukimuuliza anakuonyesha kwa hasira mpya kabisa, kana kwamba amepigwa asubuhi. Na mimi namuunga mkono. Sijui nani aliwadanganya watu wazima kwamba mtoto anayelia akichanwa ni mtundu. Analia kwa sababu anaumia. Ni jambo gumu kiasi gani hilo kulielewa?

Sasa nije kwa mama yangu. Mama na shangazi ni mawifi, na wanataniana kwa maneno ambayo mgeni akiyasikia anaweza kukimbilia polisi. Mama hufanya kazi ya mapokezi katika ofisi ya maji. Alikuwa na nywele nyingi ajabu, nzito, zinazofika mabegani bila kulazimishwa, na watu waliokwenda ofisini kulalamikia bomba walielekezwa hivi: "Muulize yule mwenye nywele." Shangazi ndiye aliyekuwa akizichana miaka yote, na kila mara alimwambia, "Wifi, hizi nywele umeiba wapi? Maana kwenu nimefika, sijaziona."

Halafu mama akaugua. Daktari alimwambia kwamba dawa atakazopewa zitamwondolea nywele. Shangazi alikuja nyumbani na mkasi na foronya safi, akamsuka mama mikia miwili mirefu, akaikata karibu kabisa na kichwa, akaiweka kwenye foronya na kuifunga. "Zisije zikaanguka sakafuni moja moja," alisema. "Utazipata zote pamoja."

Na alitimiza. Mama alipokuwa akitibiwa, shangazi alikuwa anatengeneza wigi. Alichukua kofia ya wavu iliyopimwa kwenye kichwa cha mama, na kwa sindano yenye ndoano akawa anaunga unywele mmoja, anapiga fundo, anachukua mwingine. Kila alipopata nafasi kati ya mteja na mteja alikuwa ameinamia wavu ule. Macho yalimvimba. Akiulizwa kwa nini asishone kwa mafungu kama wasusi wengine, anajibu, "Kwa sababu wifi yangu hakuota nywele kwa mafungu."

Mama alipona. Hilo tulishukuru na bado tunashukuru. Lakini nywele hazikurudi ila malaika tu, laini, za hapa na pale kama za kifaranga. Na mama akajifungia. Alikuwa hatoki hata kwenda dukani. Mlango ukibishwa, anakimbilia chumbani. Pazia la sebuleni halikufunguliwa tena. Alishinda na mtandio kichwani hata tukiwa wawili tu, mimi na yeye, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Baba ni dereva wa malori, nyumbani ni kama mgeni, na akirudi mama alikuwa akilala na huo mtandio. Nilikuwa namwonea huruma, na nilikuwa namkasirikia pia, nisifiche, kisha najikasirikia mimi kwa kumkasirikia.

Ofisi ya maji ilimvumilia kwa muda mrefu. Mwishowe wakampigia simu: Jumatatu aripoti, la sivyo nafasi yake inapewa mtu mwingine. Mama aliweka simu chini na kusema, "Nikiwa na nywele zangu nitakwenda. Bila hizo, wampe huyo mtu mwingine."

Shangazi alimaliza wigi Ijumaa. Nililiona. Zilikuwa nywele za mama, nakwambia, na uzito wake na lile wimbi lake dogo upande wa kushoto. Alilifua, akalivika kwenye kichwa cha sponji juu ya rafu yake pale saluni, akalifunika foronya ile ile likauke mpaka kesho yake. Jumamosi asubuhi alipita dukani kwangu na mkoba wake kwapani. "Nakwenda kulitafutia chanuo," aliniambia. "La kwake peke yake. Sitaki lishikane na vitana vya watu."

Alipokuwa sokoni na soksi mkononi, akimsumbua yule mzee, Madam aliingia saluni.

Madam ndiye mwenye saluni, na hakuna anayemwita vinginevyo. Alikuja na mteja wake, bibi harusi mtarajiwa, aliyetaka kuona nywele ndefu zitamkaaje. Madam akatazama huku na huku, akafunua foronya. Akalishusha wigi. Akachukua kitana cha chuma chenye meno yaliyobanana, akaanza kulichana kavu kavu, kuanzia juu, kwa haraka ya mtu mwenye miadi. Kisha akalichana kinyume ili livimbe. Kisha akalipiga draya ya moto. Bibi harusi akavaa, akapigwa picha, akasema hapana, hazimpendezi, akaenda zake. Hayo tulisimuliwa siku ile ile na wasusi wenzake shangazi.

Shangazi aliporudi nilimwona akiingia, chanuo jipya la mti limefungwa kwenye gazeti. Nikasubiri kusikia kelele zake za kawaida. Hazikuja. Ndipo nilipoacha viatu vya mteja sakafuni na kuvuka barabara.

Wigi lilikuwa limesimama kama fagio. Juu, pale kwenye utosi, nywele zilikuwa zimeng'oka na mafundo yake, na wavu ulikuwa unaonekana, kipande cha ukubwa wa kisahani cha chai. Zilizobaki zilikuwa zimekatika nusu, zimesimama kila moja upande wake.

"Nani amegusa?" Shangazi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mimi," Madam alisema bila hata kugeuka. "Lilikuwa limelala mno, nikalichangamsha. Hata asante sipati?"

"Hili ni la wifi yangu."

"Najua ni la mtu. Lakini mbona unalichukulia hivyo, mama? Ni wigi tu. Nywele zisizo na kichwa hazisikii maumivu."

Shangazi alipiga magoti. Sakafu ya saluni Jumamosi ina nywele za watu wote, na yeye akaanza kuokota za mama kutoka katikati yake, moja moja, akizitambua kwa kidole, akiziweka kwenye kiganja. Mwanamke ambaye mtaa mzima unaogopa mdomo wake, yuko magotini kimya, na aliyemtia magotini anapaka rangi kucha! Nilipandwa na hasira mpaka nikaona giza.

"Huna haya?" nilimwambia Madam. "Huoni hata haya kidogo?"

"Wewe kauze viatu," akanijibu.

Niseme hapa hapa kwamba sijamsamehe. Akija dukani namtolea vinavyobana.

Tulirudi nyumbani, mimi nimeshika foronya, shangazi ameshika chanuo lake jipya ambalo sasa halikuwa na kazi. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kusema na kuyabomoa. Tulimkuta mama jikoni, anapika. Joto lilikuwa kali, na kwa kuwa alikuwa peke yake alikuwa amevua mtandio na kuutundika kwenye mgongo wa kiti. Alitaka kuufuata alipotusikia, lakini alipoona uso wa shangazi akasahau.

"Leta," alisema.

Shangazi alianza, "Wifi, nisikilize kwanza..."

"Leta, nimesema."

Nikampa foronya, akaifungua juu ya meza. Mimi nilijiandaa kwa machozi, maana mwaka ule mama alikuwa amelia kwa mambo madogo kuliko hilo, alilia hata sufuria ilipoungua. Hakulia. Aliingiza vidole kwenye ule wavu uliokuwa wazi.

"Nani?"

"Madam," shangazi alisema.

"Kwa nini? Kwa kitu gani?"

"Kitana cha chuma. Kavu. Kuanzia juu."

"Kuanzia juu," mama alirudia. Hata yeye, ambaye hajawahi kumsuka mtu, alijua maana yake. Alikuwa amekaa chini ya mikono ya shangazi miaka mingi. "Akasemaje?"

Shangazi akanitazama. Ikabidi niseme mimi, yote, kuanzia foronya iliyofunuliwa na ile picha mpaka asante aliyoidai na shangazi kuokota sakafuni, kisha nikamalizia: "Amesema ni wigi tu. Nywele zisizo na kichwa hazisikii maumivu."

Mama alizima jiko. Akaingiza miguu kwenye kandambili zangu badala ya zake, akachukua foronya, akatoka. Hivyo hivyo. Mtandio ukabaki kwenye kiti.

Mimi na shangazi tulimkimbilia. Jumamosi mchana, jua limesimama, mtaa umejaa watu, na mama yangu ambaye hakuwa amekanyaga nje kwa muda wote huo anapita katikati yao kichwa wazi, kandambili zikimpiga visigino. Fundi viatu aliacha nyundo hewani. Majirani wawili waliokuwa wakichambua mboga waliacha kuchambua. Mtoto mmoja alinyoosha kidole, mama yake akakishusha. Nikafungua mdomo nimwite, nimwambie amesahau mtandio, na shangazi akanibana mkono kwa kucha.

"Nyamaza," alisema. "Ukimwambia sasa, atarudi ndani na hatatoka tena."

"Lakini watu wanamtazama!"

"Wamtazame! Wana macho, wayatumie!"

Saluni ilikuwa imejaa. Mama aliingia moja kwa moja na kuliweka wigi mbele ya Madam, juu ya chupa zake za rangi ya kucha. Moja ikaanguka na kumwagika.

"Wewe ndiye uliyesema hazisikii maumivu?"

Madam alitazama kichwa cha mama, akatazama wigi. "Dada, mimi sikujua ni..."

"Hukuuliza! Lilikuwa limefunikwa. Kitu cha mtu kimefunikwa, umekifunua, umekiparua, umekitupa, halafu unamwambia wifi yangu akupe asante? Hizo nywele zilikatwa siku ambayo sikujua kama nitaishi. Huyu mtu ameziunga moja moja mpaka macho yakamvimba. Wewe umezing'oa ndani ya muda wa kupiga picha!" Sauti yake ilikuwa inapanda, na mimi nilikuwa sijaisikia sauti hiyo tangu augue. "Umesema hazina kichwa? Zina kichwa! Kichwa chenyewe hiki hapa!"

Na akajipiga kichwani kwa kiganja.

Kiganja kikakuta ngozi. Kikabaki hapo. Nilimwona akielewa. Saluni ina vioo kila ukuta, na kila upande aliogeukia alikuwa anajiona: kichwa chote, malaika zote za hapa na pale, wateja wote chini ya draya zao wakimtazama. Shangazi alikuwa tayari ameanza kuvua mtandio wake wa shingoni amfunike.

Mama alimzuia kwa mkono. Alikuwa anahema. Alijitazama kwenye kioo kile kikubwa kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama jirani aliyehama mtaani bila kuaga na sasa amerudi. Kisha akamgeukia Madam, na hasira ilikuwa bado ipo, wala haikupungua hata chembe.

"Umekiona? Kitazame vizuri. Sasa muombe radhi wifi yangu. Si mimi. Yeye. Mimi nimepoteza nywele, si mara ya kwanza. Yeye umempotezea kazi ya mikono yake na ukamwacha akiokota sakafuni."

Madam aliomba radhi. Aliiomba vibaya, kwa mdomo wa pembeni, kwa shangazi aliyekuwa ameangalia mlango, lakini aliiomba mbele ya wateja wake wote. Kitana cha chuma mimi mwenyewe nilikichukua na kukitupa kwenye pipa, na hakuna aliyenizuia.

Nilidhani baada ya hapo tutaondoka. Mama akaenda kwenye kiti cha shangazi, akakaa, akajinyoosha.

"Wifi," alisema, "nichane."

Shangazi alimtazama. Midomo ilikuwa inamtetemeka, na ikabidi aitafutie kazi. "Nikuchane nini? Una nini hapo cha kuchana? Hata nzi akitua anateleza."

"Hizi hizi chache. Au mkono umekufa ganzi?"

Mteja mmoja chini ya draya aliangua kicheko, kisha akajiziba mdomo. Mama naye akacheka, cheko fupi la hasira, na shangazi akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Alifungua gazeti na kulitoa chanuo la mti. Akalishika juu ya kichwa kile, akatikisa kichwa chake: meno mapana mno, nywele zenyewe zingepita katikati bila kuguswa. Akaliweka chini. Akachakura kwenye sanduku lake mpaka akapata kibrashi kidogo laini cha watoto wachanga. Kisha, mbele ya watu wote, akatoa soksi yake kuukuu kwenye mkoba, akaivaa mkononi mpaka kwenye kiwiko, na kukipitisha kibrashi juu yake, akifumba macho, mara moja, na tena, na tena. Hakikuvuta uzi.

Ndipo alipoanza, kwenye ncha, zile ncha zisizo na urefu wa kucha.

"Ofisi ya maji," mama aliniuliza kwenye kioo, "siku hizi bado wanafungua saa mbili?"

"Saa mbili, mama."

"Uniamshe mapema Jumatatu."

"Usitikise kichwa," shangazi alisema. "Sijamaliza."